Kiti cha Mgeni: Kuandaa Ngoma ya Pwani katika Uhalisia Pepe

Onyesho la muziki katika uhalisia pepe humweka mtazamaji katikati ya tukio badala ya mbele yake. Aliyevaa miwani akigeuza shingo kulia anamwona mpiga kayamba. Akitazama nyuma anakutana na akina mama wanaopiga vigelegele, na akiinua uso anaona matawi ya mwembe. Picha na sauti hufuata kichwa chake. Kwa sababu hiyo, kazi ya mtayarishaji si kuchagua watu waone nini, kama afanyavyo mpiga video wa harusi, bali kuamua mtazamaji ataketi wapi. Uamuzi huo mmoja ndio unaobeba mengine yote: urefu wa kamera, ukubwa wa duara, mahali pa ngoma, hata saa ya kurekodi.

Mwongozo huu unakilenga kikundi cha ngoma cha Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi, au kikundi kama hicho popote pwani, chenye kamera moja ya kuazima, simu kadhaa na fedha kidogo.

Kwa nini ngoma, na kwa nini duara

Jukwaa lina upande mmoja. Katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, au katika Beneath the Baobabs la Kilifi wakati wa mwaka mpya, wanamuziki wako mbele na kila mtu anatazama huko. Kamera inayoona pande zote ikiwekwa hapo, nusu ya picha haina jambo. Kwa bendi ya jukwaani au taarabu ya ukumbini, video ya nyuzi 180 inatosha, na picha yake hutoka safi zaidi kwa sababu kamera haigawi nguvu zake kwa pande zisizo na kitu.

Ngoma za Mijikenda zimejengwa vingine. Katika gonda ya vijana au mwanzele, ambayo huchezwa hata matangani, wapigaji wana upande wao, wachezaji wanasogea na kuzunguka, na waliosimama kando wanaitikia wimbo. Mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji ni mwembamba. Mgeni akifika hupewa kiti ukingoni mwa uwanja, na ngoma ikipamba moto humzunguka hapo hapo alipoketi. Mtazamaji wa uhalisia pepe ni mgeni huyo, na kamera ndiyo kiti chake.

Kuchagua aina ya onyesho

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kurekodi ngoma ikichezwa bila kukatizwa, kwa kamera ya nyuzi 360, kisha kuionyesha baadaye. Mwaka 2015 Björk alitoa wimbo wake "Stonemilker" kwa njia hii: yuko peke yake ufukweni huko Iceland na anaizunguka kamera, basi. Ni kazi nyepesi kwa vifaa, na bado inafundisha kuliko kazi nyingi zilizogharimu zaidi.

Ya pili ni kurusha mubashara. YouTube iliruhusu urushaji wa nyuzi 360 mwaka 2016, kwa hiyo mlango uko wazi, lakini hesabu ya data ifanywe mapema. Picha ya kiwango cha 4K ikirushwa kwa megabiti 30 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 13.5 kwa saa, na mtandao unapaswa kuwa na kasi ya kupandisha ya karibu mara mbili ya hiyo ili usikwame. Kasi ya namna hiyo haipatikani kila mahali kwa bando la simu, na mtandao ukiyumba katikati ya wimbo mtazamaji aliyevaa miwani hupata kizunguzungu.

Ya tatu ni kuchora ulimwengu mzima kwa kompyuta na kuwaingiza wanamuziki kama vivuli vyao vya kuchorwa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2020 Jean-Michel Jarre alipiga muziki akiwa studioni Paris huku kivuli chake kikitumbuiza ndani ya kanisa la Notre-Dame lililochorwa, wakati kanisa lenyewe lilikuwa limefungwa tangu moto wa 2019. Nairobi ina watu wanaoijua kazi ya uhalisia pepe: "Let This Be a Warning" ya The Nest Collective na "Nairobi Berries" ya Ng'endo Mukii zote ni za 2017. Lakini njia hii inataka wachoraji, watunzi wa programu na miezi ya kazi.

Kwa kikundi kinachoanza, njia ya kwanza ndiyo ya kushika. Na onyo moja linahusu njia zote: wapigaji wasitenganishwe kwa matumaini kwamba intaneti itawaunganisha. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 25 hadi 30 kati ya mpigaji na mwenzake, mdundo huanza kuburuta, na mtandao wa kawaida huchelewa zaidi ya hapo. Wapigaji wote wawe uwanja mmoja.

Mahali: uwanja, si gofu

Anayefikiria Mnarani hufikiria kwanza magofu: mji wa Waswahili uliokaliwa tangu karne ya 14 hadi ya 17, msikiti wake mkuu wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa, kaburi la nguzo lililopapa mahali jina, na kisima kirefu, vyote juu ya genge linaloitazama hori. Kwa picha, hapana mahali pazuri kuliko hapo, na hapo ndipo watayarishaji wanapokosea. Jengo kubwa katika magofu hayo ni nyumba ya ibada, na kando yake wamelala watu. Ngoma haipigwi juu ya makaburi, na kuta kuwa kuukuu hakubadilishi jambo hilo. Aidha, eneo liko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kurekodi humo kunahitaji kibali chao.

Magofu yanaweza kutumika kama mlango wa kuingilia: dakika moja ya ukimya, kamera ikiwa kwenye njia nje ya msikiti, sauti ni ya ndege na upepo, kisha picha inafifia na mtazamaji anajikuta kijijini, ngoma ikianza. Ngoma yenyewe ipigwe mahali inapopigwa siku zote: uwanja wa nyumba, chini ya mti, au ufuo wa hori ambako abiria walikuwa wakingoja feri kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991. Tahadhari ya ufuoni ni kelele, kwani malori yanayopita darajani husikika mbali upepo ukivuma kutoka huko.

Mti nao huchaguliwa kwa msimu. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na anayeutegemea kwa kivuli mwezi wa Februari atakuta matawi matupu. Mwembe na mkwaju hutoa kivuli mwaka mzima. Hata hivyo shina la mbuyu lina faida yake: kamera ya nyuzi 360 haina nyuma, kila aliyepo uwanjani anaonekana, na shina nene linawaficha watu watatu pamoja na mizigo yao.

Ruhusa na malipo

Ngoma si mali ya aliyeshika kamera. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtumbuizaji, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni inataka jamii iridhie kabla kazi yake haijatumiwa na wengine. Nyuso za watu nazo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zaidi ya sheria kuna mila: zipo nyimbo na ngoma ambazo si za kila jicho, hasa zile zinazofungamana na makaya, misitu mitakatifu ambayo baadhi yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Wazee wakisema ngoma fulani hairekodiwi, mazungumzo yameishia hapo, na hawadaiwi sababu.

1. Nenda kwa kiongozi wa kikundi na wazee kabla ya kuazima kamera. Chukua miwani au simu yenye mfano wa video ya nyuzi 360 ili waone wanachoombwa.
2. Kubalianeni ni ngoma zipi, zitaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na mapato yatagawanywaje.
3. Andika makubaliano kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti, kwa Kigiriama pia inapobidi, kisha kila upande ubaki na nakala.
4. Mtoto asionekane bila idhini ya mzazi wake.
5. Lipa siku hiyo hiyo, pamoja na nauli na chakula.

Kukiweka kiti

Hapa ndipo penye kazi hasa. Mtazamaji wa uhalisia pepe kwa kawaida huwa ameketi, kwa hiyo lenzi iwe kwenye usawa wa macho ya mtu aliyeketi, mita 1.1 hadi 1.2 kutoka chini. Kamera ikiinuliwa mita 2 ili "ione vizuri", mtazamaji huhisi anaelea juu ya vichwa vya wazee. Ikishushwa sana huwa mtoto aliyepotea kati ya miguu.

Umbali nao una hesabu yake. Kamera ndogo ya 5.7K huweka pikseli 5,760 kwenye duara zima, yaani 16 kwa kila nyuzi moja. Uso wa mtu, wenye upana wa sentimita 15 hivi, ukiwa mita 2 kutoka kwenye lenzi hupata pikseli kama 69, kiasi kwamba tabasamu linaonekana. Ukiwa mita 5 hupata 27, na macho na mdomo vinaanza kuyeyuka. Ukiwa mita 10 ni 14 tu, na mtu amekuwa doa. Upande wa pili, akisogea chini ya mita moja, picha za lenzi mbili za kamera hazishonani vizuri na mkono unaweza kuonekana umekatika. Ngoma yote, basi, iishi kati ya mita 1.5 na 4.

Duara la nusu-kipenyo cha mita 2.5 lina mzingo wa karibu mita 16. Wachezaji wakipeana nafasi ya sentimita 80, wanaingia ishirini. Kikundi kikubwa kuliko hicho kisilipanue duara, bali kiwe na mistari miwili, wa nyuma wakicheza katika mianya ya wa mbele.

1. Simamisha stendi nyembamba, si ile ya miguu mitatu mipana. Miguu mipana huonekana mtazamaji akiinama. Ielemeze kwa mfuko wa mchanga uliofunikwa kwa mkeka.
2. Sawazisha kamera kwa pimamaji. Upeo wa bahari ukilala upande, tumbo la mtazamaji litajua.
3. Chora mistari miwili ardhini kwa unga au jivu, mmoja mita 1.5 kutoka kwenye kamera na mwingine mita 4. Wachezaji wajizoeze kati yake, kisha uifute.
4. Panga lenzi zitazame wapigaji na kiongozi wa wimbo. Mahali lenzi zinapokutana ndipo penye mshono, na asisimame mtu muhimu hapo.
5. Usiisogeze kamera wimbo ukiendelea. Jicho likiona mwendo ambao mwili hauuhisi, kichefuchefu hufuata. Wachezaji ndio wasogee.
6. Waambie wachezaji kwamba stendi hiyo ni mgeni. Wamtazame, wamkaribishe, wampe mgongo wanapogeuka, kama wafanyavyo kwa mtu.

Hatua ya sita hupuuzwa mara nyingi kwa sababu haina kifaa. Bibi akiinamia lenzi akiwa umbali wa mita moja na nusu, akaitikia wimbo huku akiitazama, aliyevaa miwani huko mbali hurudi nyuma kidogo kitini kama mtu aliyesalimiwa.

Mtazamaji apewe pia nafasi ya kuzoea. Sekunde 20 hadi 30 za mwanzo zisiwe na wimbo: watu wanakaa, ngoma zinawambwa, mtoto anapita. Akishatazama pande zote ndipo kiongozi aanze. Baadaye, jambo likitaka kutokea nyuma yake, sauti imtangulie. Kigelegele au nzumari ikilia nyuma kushoto, shingo itageuka yenyewe. Kayamba, kifaa cha vijiti vya mmea vilivyounganishwa na kujazwa mbegu ngumu, hufanya kazi hii vizuri zaidi, kwani sikio hutambua upande wa sauti kali na nyembamba upesi kuliko ule wa mvumo wa ngoma kubwa.

Sauti

Picha mbovu yenye sauti nzuri huvumilika. Kinyume chake hakivumiliki. Sauti ya simu au ya kamera yenyewe haifai, kwa sababu mtazamaji akigeuka ngoma nazo zinageuka pamoja naye, na udanganyifu wote unaporomoka. Kinachohitajika ni maikrofoni ya duara, yenye vinasa vinne vinavyotazama pande tofauti, ambayo programu huitumia kuiacha kila sauti pale ilipo. Iwekwe chini kidogo ya kamera, kwenye stendi ile ile, mbele yake ikielekea mbele ya kamera.

Maikrofoni hiyo hunasa uwanja, lakini maneno ya kiongozi hupotea ngoma zikikolea. Afungwe maikrofoni ndogo nguoni. Kwa mwimbaji wa kike aliyejifunga leso kuna ujuzi kidogo: maikrofoni ikifichwa kwenye fundo la leso husuguana na kitambaa kila anapotikisa bega, na rekodi hujaa mchakacho. Ibandikwe kwa plasta kwenye ngozi chini ya mtulinga, waya ukiachwa na kitanzi kimoja kilicholegea ili usivutwe, na leso ipite juu bila kukazwa. Kazi hiyo ifanywe na mwanamke wa kikundi.

Kiwango cha sauti kipimwe ngoma zikipigwa kwa nguvu zote, si kwa kugongwagongwa, na vilele viishie karibu na -12 dB. Kusi linapovuma, maikrofoni bila koti la manyoya hurekodi upepo mtupu. Jenereta isisogezwe karibu; betri zilizochajiwa usiku zinatosha. Kabla ya wimbo mtu mmoja asimame mbele ya kamera apige makofi matatu yaliyoachana, ili picha na sauti za vifaa vyote zioanishwe baadaye.

Siku yenyewe

Wakati mzuri ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili kasoro jioni, baada ya adhana ya alasiri na kabla ya magharibi. Jua limelegea, na adhana haiingii katikati ya wimbo. Kamera ndogo za aina hii hazioni vizuri usiku, na juani mchana hupata joto hadi zikajizima. Kukiwa na msiba jirani, kazi inaahirishwa.

Kila ngoma irekodiwe mwanzo hadi mwisho, dakika 5 hadi 10, mara mbili, si zaidi: mara ya tatu wachezaji wamechoka na uso unasema hivyo. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya 128 inatosha jioni nzima. Droni isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kwa kazi hii haihitajiki.

*Kisanduku: makosa yanayoharibu kazi*
- Lenzi yenye alama ya kidole au chumvi ya bahari. Ifutwe kabla ya kila wimbo.
- Fundi mitambo aliyebaki uwanjani akiangalia simu.
- Taa, nyaya na mifuko vilivyoachwa "nyuma ya kamera".
- Spika za kukuza sauti. Zinaua upande wa kila sauti; ngoma ijitegemee.
- Matukio mawili makubwa kwa wakati mmoja, pande mbili za duara. Mtazamaji ana shingo moja.
- Kukatakata kama video ya muziki. Kila mkato humhamisha mtu mzima, si jicho tu.

Kuunganisha

Programu ya kamera hushona picha za lenzi mbili kuwa moja yenye upana mara mbili ya kimo. Kinachobaki ni kuoanisha sauti kwa yale makofi, kuongeza sauti ya kiongozi na kuielekeza pale aliposimama, kisha kutoa faili yenye alama ya nyuzi 360. Bila alama hiyo YouTube na miwani huionyesha kama picha bapa iliyopindapinda. Majina ya kikundi, ngoma na mahali yaandikwe ndani ya picha, kwenye usawa wa macho, kwa sekunde zisizopungua kumi.

Kuonyesha

Watu wa kwanza kuvaa miwani ni wenye ngoma. Mzee akiona kitu ambacho hakikupaswa kuonekana, kinaondolewa kabla hakijatoka Mnarani.

Kwa umma, miwani mbili au tatu zinatosha kuanzia, zikiwa kwenye ukumbi wa shule, maktaba, au Chuo Kikuu cha Pwani ng'ambo ya daraja. Wenye simu wanaweza kutumia miwani ya karatasi ngumu, kwa ubora wa chini. Faili ziwekwe ndani ya vifaa mapema ili onyesho lisitegemee mtandao.

*Kisanduku: ukaguzi kabla ya kufungua mlango*
- Viti vinavyozunguka, au vigoda visivyo na mgongo; kiti cha plastiki chenye mikono humzuia mtu kugeuka.
- Nafasi ya mita moja na nusu kuzunguka kila kiti.
- Vipokea sauti vya masikioni, si spika.
- Vitambaa safi vya kufutia lenzi na povu la miwani baada ya kila mtu, na kofia nyepesi za kuvaa chini ya mikanda.
- Kwa mwenye hijabu au kilemba: mikanda ilegezwe kwanza, na mwanamke awepo wa kumsaidia mwanamke.
- Msaidizi kando ya kila aliyevaa miwani. Anayehisi kizunguzungu avue mara moja na kutazama mbali.
- Kikomo cha umri cha mtengenezaji kibandikwe mlangoni. Mwenye historia ya kifafa asivae bila ushauri wa daktari.
- Muda usizidi dakika 15 kwa mtu mmoja. Miwani nyingi zina uzito wa karibu nusu kilo na shingo huchoka.

Rekodi ghafi, za picha na za sauti, zihifadhiwe nakala tatu kwenye diski tofauti, moja ikiwa nje ya pwani kwa sababu ya unyevu na chumvi. Nakala moja, pamoja na karatasi ya makubaliano na orodha ya majina ya walioimba na waliopiga, ikabidhiwe kikundi chenyewe.